Pembe ya Kipoyi

Mume wangu Gédéon aliitwa na Mungu siku ya Jumanne, kwetu Kavimvira, akiwa amekaa mbele ya feni. Mungu alimwambia apande msituni, milimani, juu kabisa ya mji wa Luvungi, akawatoe watu gizani. Minye, mimi mkewe, Mungu hakuniambia kitu. Alinikuta nafua nguo, nafikiri, hakutaka kunisumbua.

Tulipanda siku nzima kwa miguu. Gédéon alibeba Biblia, mimi nikabeba vilivyobaki. Tulipofika gizani, giza lenyewe lilitupokea kwa bugali, sombe ya majani ya muhogo, na wimbo wa kanisa wa sauti nne. Lilikuwa na kanisa la mabati lililojengwa na babu zao. Katekista wao, mzee Cyprien, aliombea chakula kabla Gédéon hajapata hata nafasi ya kufungua mdomo.

Nilidhani tutasalimia, tutapumzika, tutarudi. Weee! Gédéon alikuwa amekwisha kuahidi biro ya kanisa, ile ofisi kuu ya Kavimvira, ripoti ya mateso kila mwezi, na mateso hayakuonekana. Basi akayatafuta. Aliandika kwamba tunalala pabaya, na kitanda tulipewa siku ya kwanza. Aliandika kwamba tunaishi kwa kula mizizi. Hapo hakudanganya, muhogo ni mzizi.

Kisha nikashika mimba. Chance, mtoto wetu wa kwanza, ambaye tulimwacha kwa bibi yake, nilimzaa kwa kupasuliwa, na daktari alinionya wazi: mama, mwingine usithubutu kumzalia nyumbani, utakufa. Hospitali iko chini, bondeni. Kule juu mgonjwa anashushwa kwa kipoyi, machela ya miti na blanketi, wanaume kumi na sita wakipokezana mabegani. Kwa kuwakusanya kutoka mashambani kulikuwa na pembe ya ng'ombe, imetundikwa mlangoni pa kanisa. Ikilia mara tatu, kwa kuvuta, kila mwanaume anatupa jembe anakuja. Rezo ya kupiga simu hakuna, simu yenyewe ni ya kuangalia saa tu. Ile pembe ndiyo ilikuwa ambulansi yangu.

Gédéon akaiona.

"Hii ni ya mizimu," akasema.

"Hapana, Pasta, iko ya kipoyi," Cyprien akajibu.

"Inaita nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wenye mabega."

Mimi nilicheka. Gédéon hakucheka. Alihubiri juu ya ile pembe Jumapili tatu, halafu akaomba apewe. Kule, mgeni akiomba kitu kilicho mkononi mwako humnyimi, ni aibu ya kijiji kizima. Cyprien alimpa kwa mikono miwili, akidhani ataitazama na kuirudisha. Gédéon akaituma Kavimvira na mtu aliyekuwa anashuka sokoni, pamoja na ripoti: tumeng'oa sanamu. Biro ikajibu kwa barua. Haleluya, pembe iko juu ya meza, wageni wote wanaiangalia.

"Baba Chance," nikamwambia, "na hili tumbo je?"

"Mungu atatoa njia."

"Alishatoa. Umeituma Kavimvira."

Mimba ilipofika mwezi wa nane nilimwomba tushuke polepole, kwa miguu yangu mwenyewe. Akakataa. Wakubwa wa biro walikuwa wanakuja kukagua mateso, na mke wa mchungaji hakimbii kundi. Kundi lenyewe lilikuwa linanisihi nikimbie.

Uchungu ulinishika asubuhi moja, wiki tatu kabla ya siku zake. Watu wote walikuwa milima ya mbali, wanavuna maharage. Kijijini alibaki Cyprien, mwenye magoti mabovu, na wamama wazee wawili. Gédéon alikimbilia megafoni ya kanisa. Betri zilikufa tangu Pasaka. Akarudi akasimama ananiangalia, mikono mitupu. Niliogopa, jamani, niliogopa kweli. Nilimuona Chance anakua bila mama.

"Gédéon," nikasema, na jina lake sikuwahi kumwita tangu tuoane, "minye nakufa."

Alipanda mbio kwenye jiwe kubwa nyuma ya kanisa, akaanza kuita. Ndugu wapendwa, katika jina la Bwana, njooni! Upepo ulikula yote.

"Acha maneno, Pasta!" Cyprien akapiga kelele kutoka chini. "Maneno hayafiki! Lia kama pembe!"

Kisha nikasikia: Puuuuuu.

Ilikuwa mbaya ajabu, kama ndama anayenyongwa. Mtu mwenye diploma ya teolojia! Puuuuuu. Puuuuuu. Akarudia mara tatu, tena tatu, mpaka sauti ikapasuka. Nilicheka nikilia, katikati ya uchungu, na wale wamama walinishika mabega wakicheka na wao.

Wakaja. Wa kwanza alikuwa kijana Ciza, matope mpaka magotini.

"Nani amerudisha pembe?" akauliza.

Gédéon alishuka kwenye jiwe, akashika mti wa kushoto wa kipoyi, mbele, bila kuambiwa. Njiani walimwambia apokewe, akakataa kwa kichwa. Tulifika bondeni jua likiwa bado liko, madaktari wakanipasua saa ileile. Ni msichana, na yuko mzima.

Baada ya mwezi tulikuwa tumekaa kwenye biro, Kavimvira. Pembe ilikuwa juu ya kitambaa cha kufuma, katikati ya maua ya plastiki, na karatasi: CHOMBO CHA MIZIMU. Mkubwa wa biro, Mchungaji Jean-Marie, alikuwa na wageni wanne. Akamwomba Gédéon awasimulie jinsi alivyoishinda.

Kidonda changu kilikuwa bado kinauma, mtoto mgongoni. Nikamwangalia mume wangu, nikajua mateso yake yameanza sasa.

"Waambie, Baba Chance," nikasema. "Inaita nani?"

Aliangalia chini. Akajipangusa uso. Kisha akaweka viganja mdomoni, mbele ya wale wageni wanne, akalia: Puuuuuu. Mara tatu, kwa kuvuta. Mtoto akashtuka akaanza kulia.

"Inaita watu," akasema, kwa sauti yake ya kukwaruza ambayo haijapona mpaka leo. "Mimi iliniitia kumi na sita."

Hakuna aliyesema haleluya. Nilitoa ile karatasi, nikafunga pembe ndani ya nepi za mtoto, tukatoka kutafuta pikipiki ya Luvungi.