Namba Kumi na Nne

Alhamisi saa tatu asubuhi Yustina alifika steshenari ya Redempta pale Kiomboi, mikono bado inanuka vitunguu, kuchapishiwa fomu ya binti yake. Jumatatu walikuwa wameliona jina kwa macho yao: Shukuru Alute, namba kumi na nne, amechaguliwa chuo cha uuguzi. Siku hiyo printa haikuwa na wino, wakaambiwa warudi.

Sasa ukurasa wa orodha ulikuwa umevurugika. Herufi zilipandana, na kwenye namba kumi na nne palikuwa na majina mawili, moja juu ya jingine, hata usijue lipi ni lipi. Redempta alipiga namba ya simu iliyoandikwa chini ya orodha. Aliyepokea alisema hilo ni jambo dogo, afute tu kache, yale mabaki ya kurasa za zamani ambayo kompyuta hujiwekea, na kila kitu kitaonekana sawasawa.

Redempta akafuta. Kama kawaida, mabaki yakaanza kudondoka sakafuni nyuma ya kompyuta: picha za magari ya watu, msimamo wa ligi wa mwaka juzi, matangazo ya kazi zilizokwisha kupata wenyewe. Alishika fagio. La mwisho kutoka lilikuwa jina la Shukuru, refu kama mkono wa mtu mzima, herufi zote zimetimia, bado lina joto.

"Hilo usilifagie, dada," alisema Yustina.

Kwenye kioo ukurasa ulikuwa umetulia, safi kabisa. Namba kumi na nne ilisomeka Jenifa Msengi. Chini, mahali pa sahihi ya mkuu wa udahili, palisomeka Msengi pia. Redempta aliona, Yustina aliona, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu, maana mambo haya nani asiyeyajua. Yustina alilifunga jina kwenye khanga, akalibeba mgongoni na kupanda basi la Singida. Kondakta alitaka likae kwenye buti pamoja na magunia. Alikataa, akalipakata njia nzima.

Kwenye ofisi ya udahili, afisa mmoja mpole alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Alilifungua jina, akalipapasa herufi moja moja, akakiri kwamba ni halali, ni la kwao wenyewe, la Jumatatu. Hakubisha hata kidogo. Hilo ndilo lililomuudhi Yustina kuliko yote, kuja amejiandaa kugombana akakosa wa kugombana naye.

Afisa alimwambia kama ni mzigo anaweza kuliacha, aliweke na wenzake. Nyuma ya mlango majina yalikuwa yamepangwa kama kuni hadi usawa wa dirisha, ya chini yameshika vumbi. Yustina alilirudisha la kwake khangani, akauliza mwanawe aende wapi.

"Mama, tusaidiane kwanza," alisema afisa, akamgeuzia kompyuta. "Herufi bado zinapandana?"

"Hazipandani."

"Unasoma vizuri?"

"Nasoma vizuri."

Akaandika kwenye daftari la malalamiko: ukurasa ulikuwa hauonekani, sasa unaonekana, tatizo limekwisha. Akamsogezea kalamu. Yustina alisoma maneno yale mara mbili akitafuta uongo wa kuukatalia, hakuuona, akasaini.