Kitufe cha Ukurasa wa Ndani

Siku ya tatu Naomi alikuwa bado anabishana na kompyuta. Ushirika wa wavuvi wa Murangi ulitaka wanachama mia mbili waingizwe kwenye tovuti, naye akaandika programu ifungue kurasa na kubofya badala yake. Programu ilijaza jina la mwanachama wa kwanza vizuri, kisha ikagoma: kitufe cha "Thibitisha" haikioni. Na kitufe kipo, kinamkodolea macho.

Mama yake, Boke, akapiga simu kutoka Butiama. Hakungoja shikamoo.

"Nimechoka mwenzio. Nilienda kwa mzee Mugeta kumsalimia mke mdogo. Nimeita getini mpaka koo limekauka, mke mkubwa ananiangalia tu. Pale kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba inaitikiaga hodi yake. Mpaka nilipoingia, nikagonga mlangoni kwa yule mdogo, ndipo akaitika."

Naomi akaduwaa. Kitufe kile kilikuwa kwenye ukurasa mdogo uliopachikwa ndani ya ule mkubwa, na programu yake ilikuwa inaita kutoka getini. Akaweka simu mezani, akaandika mstari mmoja: ingia kwanza ukurasa wa ndani, ndipo ubofye. Jina la kwanza likapita. La pili likagoma, kwa sababu programu ilibaki humo humo ndani, inatafuta fomu iliyoko nje. Akaongeza mstari wa kuitoa. Yakapita matatu, kumi, ishirini. Akaegemea kiti, macho yanamuuma.

Pale mezani simu ikakohoa.

"Bado nipo," mama akasema taratibu. "Siku hizi unaondokaga bila kuaga."