Tovuti ya Madoa

Shangazi yangu ni dobi, na mdomo wake una kufuli kubwa kuliko la mlango wa benki. Mtaa mzima unamletea nguo, maana yake mtaa mzima unamletea siri. Anajua nani alilia wanja ukamchuruzikia mpaka kifuani, nani alifutia mikono kwenye kitambaa cha meza cha mwenyeji wake, na nani anadai ameacha kuvuta sigara. Ukimchokoza aseme, anakwambia nguo za watu ni nguo za watu, kisha anakutwisha beseni ukamwage maji. Kwake nguo hutoka bila doa na bila habari.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilikuwa nikimsaidia kupokea nguo na kupiga pasi, na katikati ya shughuli hizo nikaanzisha tovuti ya kufundisha watu kutoa madoa. Ujuzi ulikuwa wa Shangazi, maandishi yangu, na alinipa sharti: hakuna neno litakalotoka kabla yeye hajalisoma. Baba aliifungua kwenye simu yake, akaipandisha na kuishusha, akasema huo ni mchezo.

"Kampuni ya matangazo wakikubali kuweka matangazo yao humo, nitajua ni kazi," alisema. "Wasipokubali mpaka chuo cha mjomba wako kifunguliwe, utakwenda kukaa mapokezi. Ameshanunua mpaka kiti. Kinazunguka."

Chuo chenyewe kilikuwa cha udereva. Mjomba ni mtu mwema, lakini anaongea toka asubuhi mpaka jioni, na kila habari yake inaanzia enzi zile alipokuwa akiendesha lori. Kukaa naye chumba kimoja kungenitoa roho. Isitoshe, nililipenda lile duka, na mvuke wake, na meza ya pasi ambayo nusu yake Shangazi aliniachia niweke kompyuta yangu. Sikutaka kiti, kizunguke kisizunguke.

Basi nikatuma maombi kwa kampuni ya matangazo. Nilikuwa nimejaza kurasa zote wanazozitaka, ukurasa wa kujitambulisha, wa mawasiliano, na ule wa kumweleza msomaji habari zake zitatumiwaje. Huo wa mwisho Shangazi aliusoma kwa makini sana, akatikisa kichwa na kusema angalau hao wanaomba ruhusa. Jibu likaja: tovuti imekataliwa, maandishi yake hayana manufaa ya kutosha kwa msomaji.

Damu ilinichemka. Hayana manufaa! Ujuzi wa dobi aliyezeekea kwenye povu! Nikafungua makala ya kwanza ili nijipe moyo, na kwa mara ya kwanza nikaisoma kama mtu baki. Ilisema hivi: "Doa la namna ile likiingia pahali pale, usiogope. Chukua kitu kinachofaa, weka kiasi, subiri, kisha fua kama kawaida."

Hiyo ndiyo iliyobaki baada ya Shangazi kupitisha kalamu yake. Mimi niliandika wino, akafuta, kwa sababu kila mtu anajua ni mwalimu gani kalamu humvujia mfukoni. Niliandika koti jeupe, akafuta, kwa sababu daktari wa meno ni mmoja tu mtaani. Niliandika spiriti, akafuta pia, akisema watu wakijua dawa watakisia ugonjwa.

"Shangazi, hata mimi niliyeandika sielewi hapa," nikamwambia.

"Unaelewa sana. Doa lenyewe uliliona."

"Msomaji hakuliona!"

"Vizuri. Halimhusu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, akaingia bwana wa duka la vioo akiwa na shati alilolikunja likakunjika. Shangazi akalipokea, akatazama kola, na hapohapo akaligeuza nje ndani, rangi ya mdomo ikapotea machoni pangu, ingawa si kabla sijaiona. Akamwambia arudi Ijumaa ya wiki ijayo. Bwana yule alishusha pumzi, akaniaga hata mimi kwa heshima. Nikajua kwamba Shangazi hatabadilika, na kwamba nikitaka kumshinda itabidi nitumie akili.

Akili yangu ikaniambia nibuni. Kama wateja wa kweli hawaguswi, nitatunga wa kwangu! Siku Shangazi alipokwenda kununua sabuni, nikaandika makala motomoto kuhusu bwana mmoja asiyekuwepo duniani, aliyerudi nyumbani na rangi ya mdomo kwenye kola. Nikaweka maelezo yote, nikatia na chumvi kidogo, nikairusha bila kumwonyesha. Niliona nimemaliza kazi.

Kesho yake asubuhi bwana wa vioo alikuwa mlangoni kabla hatujafungua, anataka kujua nani kamwaga mtama. Nyuma yake alikuwepo kinyozi, naye anauliza jambo hilohilo. Nyuma ya kinyozi alisimama mzee mmoja mpole, kiongozi wa kwaya, ambaye sikuwahi hata siku moja kumwazia mabaya. Kila mmoja aliapa kwamba habari ile haimhusu, na kila mmoja alitaka ifutwe haraka. Walipogeuka wakaonana, kila mtu akatazama viatu vyake.

Shangazi aliwasikiliza, akawaomba radhi mmoja mmoja, akanigeukia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

"Yule ni wa kutunga, Shangazi. Wallahi hayupo."

"Kola zipo," alisema. "Ukitunga bwana mmoja, mabwana wote wanajipapasa shingo. Futa."

Nikafuta. Kutwa nzima tukafanya kazi kimya, tunapishana na mabeseni kama watu wasiojuana. Nililia kidogo nikiwa nimeinamia pasi, na ole wake ambaye angeniuliza kisa. Jioni Baba akapita, akasema chuo kinafunguliwa wiki ijayo na mjomba anauliza nipewe kiti cha rangi gani, kwa sababu kile cha kwanza amekipenda mwenyewe. Shangazi alikuwa anakunja mashuka. Alinitazama, akatazama ile nusu ya meza, akaendelea kukunja.

Baba alipoondoka, aliingia chumba cha nyuma, akarudi akiburuta sanduku la bati. Nilikuwa nimelijua miaka yote kama mahali pa kuwekea feni iliyoharibika. Akashusha feni, akafungua.

"Ya watu siwezi kuyasema, hata wakukatae na kompyuta yako," alisema. "Haya ni yangu. Andika."

Akatoa blauzi ya maua yenye doa la njano begani. "Hili umelifanya wewe. Ulikuwa na miezi michache, nimekuvalisha vizuri nikupeleke ukapigwe picha, ukanitapikia uji. Maji baridi kwanza. Ukianza na ya moto, umelipikia humohumo." Akatoa sketi yenye wino, ya siku alipokwenda kuomba kazi ofisini, kalamu ikapasuka na kazi akakosa, akaingia kwa dobi kuomba msaada na hakutoka tena. Akataja spiriti, akataja pamba, akaeleza kwamba unagonga, husugui. Nilikuwa naandika mpaka vidole vinauma. Huyu mwanamke aliyenyimwa maneno na nani sijui, kumbe anayo, na yanachekesha! Tulivunjika mbavu sote wawili, ugomvi ukayeyuka bila mtu kuutaja.

Chini kabisa lilikuwa gauni la kijani. Alilitandaza mezani kifudifudi. Mgongoni, juu kidogo ya kiuno, palikuwa na kiganja cha mtu, vidole vyote vitano, cheusi.

"Grisi," alisema. "Harusi ya baba yako. Shemeji yake... mume wangu, alitoka gereji moja kwa moja, akanivuta tucheze. Nikamuuliza, umenawa? Akasema amenawa."

Mume wake simkumbuki. Alifariki mimi nikiwa bado naota meno, na Shangazi hakuwa akimtaja, nikadhani naye ni mteja.

"Nyunyiza poda ya mtoto inyonye mafuta, acha ikae. Kung'uta. Sabuni ya kuoshea vyombo, kidogo, isugue kwa kidole toka pembeni kuja katikati. Suuza kwa maji ya uvuguvugu. Rudia mpaka liishe. Linatoka lote, hata likiwa la zamani."

Nikaandika yote. Kisha nikamuuliza mbona hili halikutoka.

"Umeniuliza namna ya kulitoa," alisema. "Sikukwambia nataka litoke."

Hilo nalo nikaliandika, na alipolisoma hakulifuta.

Nikatuma maombi upya. Siku zile za kusubiri nilikuwa mtu wa kuogopwa. Niliunguza foronya ya watu kwa pasi na nikagombana na bomba. Baba alikuwa ameketi dukani, amekuja kunichukua anipeleke kwa mjomba, jibu lilipoingia. Wamekubali. Nilipiga kelele mpaka kinyozi akaja mbio na mkasi mkononi. Baba akavaa miwani, akachukua simu yangu, akafungua ukurasa wa gauni la kijani, akausoma akiwa amesimama. Alichukua muda.

"Kwa hiyo ndiyo maana uliondoka na shali mabegani, dada," alisema, "na joto lile lote. Miaka yote mimi nilijua umenuna."

"Ungeuliza," Shangazi akamjibu.

"Ungejibu?"

Shangazi akarudi kwenye pasi yake. Baba akanirudishia simu na kusema atampigia mjomba, maana kazi ni kazi.

Matangazo yalianza kutokea kesho yake. Nilimwita Shangazi aje aone la kwanza, na nilipoona limekaa wapi nikatamani nisingemwita. Lilikuwa chini kabisa ya habari ya gauni, chupa ya sabuni inatabasamu, na maandishi makubwa: HAKUNA DOA LINALOBAKI! Aliinama akaitazama ile chupa. Nikamwambia naweza kuliondoa pale, ni kubonyeza tu.

Akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko yote.

"Liache," alisema akijifuta kwa kiwiko. "Huyo naye anasema amenawa."

Akalikunja gauni upande wa mgongo ukiwa juu, akalirudisha sandukuni na kuliwekea feni yake. Kisha akaniuliza kama lile shati la Ijumaa nimeshalipiga pasi.