Siku Mia na Kumi na Saba

Ukiuliza Makadara hapa Mombasa ni nani anayejaza fomu za watu, utaletwa kwangu. Mimi ni Mahira binti Gharib. Nina meza, kompyuta, mashine ya kutoa nakala, na ulimi usiolala. Wa pasipoti, wa vyeti vya kuzaliwa, wa leseni, wa mirathi waliyogombania mpaka wakasahau marehemu alikuwa nani, wote hupitia kwangu. Nikikwambia fomu imekataa, basi imekataa kikweli. Sasa fikiria aibu yangu: fomu iliyonishinda miaka yote ilikuwa ya babangu mzazi.

Baba alikuwa dereva wa malori jeshini kwa miaka ishirini na mmoja. Mwaka 1989, askari wa Kenya walipokwenda Namibia kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, yeye alipelekwa baadaye kidogo, kuziba nafasi ya dereva aliyeugua siku ya kuondoka. Jina la mgonjwa likabaki kwenye orodha. La Baba hakuna aliyeliandika. Kitabu chake cha utumishi kina pengo la miezi tisa, karatasi nyeupe pe, na pengo hilo lilimkosesha nishani mbili: ya Umoja wa Mataifa, iliyotaka mtu awe amekaa kule siku tisini, na ya utumishi mrefu, iliyotaka miaka isiyokatika.

Utasema nishani ni chuma tu. Nami nilisema hivyo, mpaka sherehe za mashujaa za mwaka juzi. Baba alivaa koti lake jeusi juu ya kanzu akaenda kukaa na wenzake waliotumikia nje. Kijana mwenye orodha akamwambia, mbele ya kadamnasi, ainuke, jina lake halimo. Mtu akampiga picha, nayo ikafika mtaani kwetu Kuze kabla yake. Zaki, muuza kahawa wa barazani kwetu, akampokea kwa sauti: "Marhaba, Balozi wa Namibia!" Watu wakacheka. Mmoja nyuma yao akalitamka neno lenyewe: "Mzee mrongo."

Baba akapita, na baraza hakuikanyaga tena. Alasiri zote alikaa sebuleni, na akienda msikitini alipita vichochoro vya nyuma. Nilimwona akinyauka mbele ya macho yangu, na roho iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Nilitaka jambo moja tu duniani: babangu asife akiitwa mwongo.

Mwaka huu likaja tangazo. Maafisa wa kumbukumbu za wanajeshi wastaafu wangekaa ukumbini huko Buxton kwa siku tatu, kusahihisha vitabu vyenye kasoro. Masharti mawili: karatasi ya wakati ule yenye kuonyesha zile siku tisini, na shahidi aliye hai.

"Shahidi hakuna," Baba akasema. "Wote wamekufa."

"Wote, Baba?"

"Wote. Mwenyezi Mungu awarehemu." Alisema akitazama mkeka.

Mamangu Sheikha alikuwa akichagua mchele. Nikamgeukia yeye. "Na barua, Mama? Hakukuandikia?"

"Barua gani, mwanangu? Miezi tisa nalipata salamu tatu, hata tarehe hazina. Barua zake za maana zote zalikwenda kwa Maalim Ishaq. Babako hata jua likimpiga, alikuwa akimuuliza Maalim kwanza kama kivuli ni halali."

Baba akainuka upesi akaingia ndani. Nikajiambia, mtu asiye na siri hainuki vile.

Maalim Ishaq alisomesha madrasa hapa Kuze umri wake wote. Sasa ni marehemu, na madrasa inaendeshwa na binti yake, Bi Ummukulthum, mwanamke wa miaka sabini ambaye wanaume wazima wakimwona huficha sigara. Nilimwendea jioni ile ile.

"Masalkheri, Bi."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu. Wazee hawajambo?"

Nikamweleza. Akafungua kabati akatoa bahasha zilizofungwa kwa utepe. Maalim hakutupa suala la mtu. Kila barua aliihifadhi pamoja na nakala ya jibu lake, maana alizisomeshea. Za Baba zilikuwa mbili, na zote zina mihuri ya posta ya Umoja wa Mataifa. Ya kwanza ni ya tarehe 11 Oktoba 1989, kwa mwandiko wa Baba ninaoujua:

"Maalim wangu, baada ya salamu. Nimefika Namibia Jumatano tarehe 14 Juni, na tangu siku hiyo sijatoka. Nasali nikielekea kaskazini kama nyumbani. Juzi, Jumatatu tarehe 9, Koplo Charo, mwenzangu wa lori, amenionyesha kwa ramani na dira kwamba kutoka huku Makka iko upande wa mashariki zaidi. Siku mia na kumi na saba, Maalim. Na nyuma yangu wanasali watu kumi na mmoja, imamu wao ni mimi. Nifanye nini?"

Mombasa, Makka iko kaskazini yetu, hakuna kupinda. Mtoto wa Kuze hukijua kibla kabla ya kujua jina lake. Basi Baba akaondoka na kaskazini yake, akavuka nayo Afrika nzima, na hakuona haja ya kumwuliza mtu. Ni ukaidi wa kwetu huo, nami ninao.

Jibu la Maalim lilikuwa mstari mmoja: sala hizo zilipe zote, na walio nyuma yako waambie. Barua ya pili ni ya Januari 1990: "Nimemaliza, Maalim. Sala mia tano themanini na tano. Wale kumi na mmoja nimewaambia mmoja mmoja, na si kazi ndogo."

Nikacheka. Kisha nikalia. Kisha hasira zikanipanda, kwa sababu Koplo Charo namjua! Ni fundi wa magari Kisauni, mzima kama kigogo. Tangu utoto wangu Baba akimwona ng'ambo ya barabara hugeuza njia, nasi tukidhani waligombana.

Nilifika nyumbani natweta. "Wote wamekufa, Baba? Hata Charo? Marehemu nilimwona juzi akinunua mihogo!"

Baba akaziona bahasha mkononi mwangu. Uso ukamshuka.

"Mahira, nalikuwa imamu wao. Watu kumi na mmoja waliniamini, nikawapoteza ndia. Leo nikaisome aibu hiyo mbele ya serikali, nipewe chuma? Bora niitwe mrongo kuliko Kuze ijue."

"Mimi sitaki uitwe mrongo!" Nilipiga kelele, nakiri. Sikuwahi kumpigia babangu kelele kabla ya siku hiyo. Mama akaacha mchele wake.

Hapo tukasikia hodi. Bi Ummukulthum alikuwa amenifuata, na buibui lake, na fimbo yake. Akakaa bila kuharakishwa na mtu.

"Gharib, wewe hukusoma kwa babangu?"

"Nalisoma, Bi."

"Hakukufunza kwamba kuficha ushahidi ni dhambi?"

"Alinifunza."

"Sasa sikiza. Alokosea bila kujua, kisha akajua, akalipa, akenda akawaambia wenziwe usoni, ana aibu gani? Babangu alisomesha barua yako miaka ishirini. Hakukutaja jina. Alikuita Askari. Kila mvulana alopita madrasani petu alisomeshwa uaminifu kwa Askari. Zaki alisomeshwa. Hao wote wa barazani walisomeshwa. Na mwisho wa darasa babangu akisema: huyu ndiye mwanafunzi wangu."

 Machozi yalimtoka Baba, akayaacha yatiririke mpaka kwenye ndevu. Kisha aliniuliza mimi: "Buxton wafungua saa ngapi?"

Tulifika saa mbili asubuhi. Afisa aliyetupokea alikuwa Meja Mbeyu, mama wa Kigiriama mwenye miwani, aliyezoea hadithi za wazee na asiyezikubali zote. Alichunguza mihuri kwa kurunzi ya simu. Alisoma barua ya kwanza, akarudia, akahesabu siku kwenye kalenda kwa ncha ya kalamu. 

"Mia na kumi na saba," akasema. "Hesabu ni sawa. Shahidi?"

Nilipiga simu, nikaweka sauti kubwa. Charo akaitika katikati ya milio ya nyundo.

"Gharib? Gharib wa lori namba saba? Yule alokuwa akisali kuelekea jikoni! Mungu wangu, sisi tukidhani ana njaa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba akafunika uso kwa mikono miwili, na mimi nikatamani kuikata ile simu. Lakini Charo hakuwa amemaliza.

"Sikiza, Meja. Mimi ndiye nilomwonyesha dira, na nilicheka. Yeye hakucheka. Miezi mitatu namwona akitoka kazini hoi, wenzake wanalala, yeye analipa sala. Nikamwambia, we Gharib, Mungu hatakubana hivyo. Akaniambia, hanibani, najibana mimi. Nimemaliza jeshi, nimezeeka, mtu mkweli kama huyo sijamwona tena. Kama kitabu chenu chasema hakuwako, kitabu ndicho chenye uwongo. Na mwambie kanikimbia miaka thelathini na zaidi, nami nina hamu naye!"

"Nakuja, Charo," Baba akasema chini chini. "Nakuja leo."

Meja Mbeyu akavuta kitabu cha utumishi, akafungua pale penye ukurasa mweupe. Aliandika kwa mkono, polepole, akagonga muhuri, akasoma: "Koplo Gharib Omari alitumikia Namibia, kikosi cha kulinda amani, kuanzia tarehe 14 Juni 1989. Utumishi wake haukukatika. Anastahili nishani zote mbili."

"Soma tena, tafadhali," Baba akasema.

Akasoma tena.

"Mara ya mwisho, Meja. Niwie radhi."

Safari hii Meja Mbeyu aliinuka, akavaa kofia yake, akaisoma akiwa amesimama wima, na alipofika mwisho akampigia saluti. Wazee waliokuwa kwenye foleni wakainuka mmoja mmoja, wengine kwa mikongojo, nao wakapiga zao. Nami nikapiga yangu.

Nishani zilikuja baada ya miezi minne, na kwenye kuvishwa kwake, uwanjani Makadara, Charo alikaa mbele na suti iliyombana. Sherehe ilipokwisha nikaita tuktuk, Baba akakataa. Alitembea kutoka Makadara mpaka Kuze, kifua mbele, akapita kila uchochoro ulio na mtu dirishani, huku Mama akipiga vigelegele nyuma yake bila haya yoyote.

Barazani akasimama. Zaki akashika dele lake la kahawa, macho yako kwenye zile nishani. "Karibu, Mzee Gharib. Zakupendeza."

"Zaki, wamkumbuka Askari wa Maalim Ishaq? Yule alosali siku mia na kumi na saba, na kibla si chake?"

"Nani asomkumbuka? Twalipigwa viboko tukisahau hesabu yake. Sala mia tano themanini na tano."

"Basi ndimi."

Hakuna aliyecheka. Zaki aliweka dele chini, akajipangusa mikono kwenye kikoi. Akamwendea Baba, akainama, akambusu mkono vile tulivyofundishwa kumbusu maalim. Wengine nao wakainuka, wakajipanga nyuma yake. Yule aliyemwita mrongo alikuwa wa tatu, na Baba akampa mkono kama alivyowapa wenzake.