Kura Iliyokwenda Mbio

Madereva wa kiwanda kile cha mikate walikuwa hawamwamini mtu. Meneja hawakumwamini, mpima unga hawakumwamini, na wenyewe kwa wenyewe waliaminiana pale tu walipokuwa wote wanaonana. Kitu kimoja walichokikubali bila ubishi ni kura ya Ijumaa. Kura hiyo aliiendesha karani wa zamu kwa kompyuta yake, mlango wazi, nao wamesongamana nyuma ya kiti chake na vikombe vya chai mkononi.

Kura ilikuwa ya magari. Kiwanda kilikuwa na magari kumi ya kusambazia mikate, na kila Ijumaa ilibidi ijulikane nani ataendesha lipi wiki inayofuata. Manane yalikuwa magari tu, huna la kuyasifu wala la kuyasema. Moja lilikuwa jipya, lina kiyoyozi na redio, wakaliita Bibi Harusi. Na moja lilikuwa kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba, gia ya pili inaingia ikipenda. Hilo waliliita Marehemu. Ukimpata Bibi Harusi, wiki nzima unaendesha unaimba. Ukipewa Marehemu, unaomba dua kila ukikaribia kilima.

Zamani walichukua vikaratasi kwenye kofia, mpaka siku mmoja wao alipokamatwa amekipaka kikaratasi siagi ili akitambue kwa kidole. Siku hiyo ngumi zilirushwa. Ndipo karani akaunda makro yake, yaani maelekezo aliyoyaandika mara moja ndani ya faili, kisha akibonyeza kitufe kompyuta inayatenda yenyewe. Majina yalikimbizana kwenye skrini, yakapanda, yakashuka, yakabadilika rangi, halafu moja moja likatua mbele ya gari lake. Muda wake ulikuwa kikombe kimoja cha chai. Madereva walipiga kelele kama wako uwanjani, na aliyeangukiwa na Marehemu alizomewa mpaka getini, lakini hakulalamika, maana ameona.

Sasa, dunia hii kitu kikiwa kizima lazima atokee mtu wa kukiboresha. Wakubwa wakaagiza kompyuta zote ziwekewe toleo jipya la programu ya majedwali. Ijumaa iliyofuata karani akabonyeza kitufe, na jina la kwanza likaanza kutambaa. Likatambaa weee. Chai ikaisha, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Walipofika jina la tano, mzunguko wa pili wa mikate ulikuwa umeshachelewa na wenye maduka wanapiga simu kwa hasira.

Meneja akaja na uso umemkunjamana. "Hii kitu irekebishwe kabla ya Ijumaa ijayo," akamwambia karani mbele ya watu. "Isiporekebishwa, magari nitagawa mimi. Na wewe nitakutafutia kazi stoo ya unga."

Magari yakigawiwa na meneja, kila mtu alijua Bibi Harusi atakuwa wa nani: wa yule dereva anayemwoshea meneja gari lake Jumapili. Na stoo ya unga, karani alikuwa akipita mlangoni tu anapiga chafya mpaka machozi. Lakini kilichomkaa rohoni zaidi si unga. Ni ile kura. Katika kiwanda kizima hapakuwa na mtu mwingine anayeweza kusema "nimetenda haki" na madereva kumi wakaitikia.

Na hapo ndipo shemeji yake karani alipoingia. Mdogo wa mume wake karani alikuwa mmoja wa madereva hao, kijana mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungika. Alikuwa amechumbia, na baba wa binti alikuwa na duka katika njia yake ya mikate. Wiki mbili mfululizo alikuwa amepeleka mikate dukani hapo na Marehemu, mara ya pili akisukumwa na wapita njia, na baba mkwe mtarajiwa amesimama kizingitini anatazama.

"Shemeji, jamani," akamwambia karani jikoni kwao, sauti ameishusha. "Wiki moja tu. Niwekee Bibi Harusi wiki moja tu, mzee wa watu anione na mimi mtu."

"Niweke nini? Ile ni kura."

"Si wewe ndiye unayebonyeza?"

"Nabonyeza, sichagui. Na ukinitajia tena nitamwambia kaka yako."

Shemeji akacheka, akachukua kipande cha mkate, akaondoka. Kijana huyu hakuwahi kusikia neno "hapana" likafika mpaka ndani.

Jumatatu akaja fundi wa kompyuta, bwana mwembamba mwenye mkoba mzito. Kwanza akafanya yale wafanyayo mafundi wote kabla ya kuanza kufikiri: akaizima, akaiwasha, akapuliza vumbi, akatafuta virusi, akaguna. Makro ikatambaa vilevile. Ndipo akavuta kiti. Akaanza kuyapitia maelekezo mstari mmoja mmoja, karani pembeni anamweleza kila mstari una kazi gani.

Ugonjwa ukajionyesha. Kila jina lilipohama hatua moja, kompyuta ilichora skrini nzima upya, na toleo jipya lilipenda kuchora kwa mapambo. Ikishachora, inapiga upya hesabu zote za faili, na faili hiyo ilibeba taarifa za mikate ya miaka na miaka. Ikishahesabu, inaiuliza printa kama ukurasa umekaa sawa. Toleo jipya lilikuwa limejichagulia printa ya ofisini kwa meneja, na printa hiyo ilikuwa imechomolewa ili meneja achomeke birika lake. Basi kila hatua kompyuta inabisha hodi, inasubiri, haiitikiwi, inarudi.

"Maskini," karani akasema. "Kumbe ilikuwa inateseka."

Fundi akaandika mistari michache mwanzoni: usichore, usihesabu, iache printa ya watu mpaka kazi iishe. Mwishoni akaandika ya kurudisha kila kitu mahali pake. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, majina kumi mbele ya magari kumi. Meneja akaitwa akaona, akafurahi mpaka akampa fundi mkate wa moto, akamwambia aje Ijumaa ashuhudie kazi yake.

Ijumaa ikafika. Madereva wakaingia na vikombe vyao, wakajipanga. Mbele kabisa alisimama yule waliyemwita Spika, maana sauti yake haikuhitaji umeme. Fundi alikaa pembeni akingoja sifa. Karani akabonyeza.

Spika alikuwa bado anapuliza chai. "Haya, anza basi."

"Imekwisha," karani akasema.

"Imekwisha nini?"

"Kura."

Wakainama wote kwa pamoja. Mstari wa kwanza kabisa: Bibi Harusi, na mbele yake jina la shemeji yake.

Hawakuusoma hata mstari wa pili. Spika akaweka kikombe chini. "Ahaa," akasema polepole. "Lisemwalo lipo. Nilikuwa naambiwa damu nzito, nikabisha."

"Damu gani? Huyu ni shemeji yangu, hatuna damu moja," karani akasema, na hapo hapo akajua ameharibu zaidi.

"Majina hayakukimbia," akasema mwingine. "Mimi sikuona jina langu likikimbia. Limechaguliwa kabla hatujaingia."

"Fundi ameletwa kwa kazi hiyo," akadakia wa nyuma, na fundi akauficha mkate wake chini ya mkoba.

Karani akaizima skrini. Wanaopaka vikaratasi siagi ni hawa, yeye hajawahi kuiba hata kalamu. Meneja akachungulia mlangoni, akawasikia, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomtisha. "Kama kura imeshindikana, tukutane baada ya mzunguko wa pili," meneja akasema. "Nitagawa mwenyewe."

"Haijashindikana, bosi," karani akamjibu. Akawageukia madereva. "Mnataka kuiona?"

"Tunataka kuiona."

"Nendeni mkapakie mikate. Mkirudi kwa chai ya pili, mtaiona."

Wakatoka wananung'unika. Fundi akasogea. "Rahisi tu, dada. Tunafuta ule mstari wa kutochora, unapiga kura nyingine."

"Sipigi nyingine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kura imeshapigwa, na ilikuwa halali. Nikiirudia kwa kuwa aliyepata hawakumpenda, huo ndio upendeleo wenyewe. Wiki ijayo atalalamika mwingine, nitarudia tena, tutakuwa tunapiga kura mpaka Marehemu azikwe." Akavuta kibodi. "Matokeo yako pale. Nataka yaonekane yakija. Polepole."

Fundi akaelewa, akaziba mdomo kwa kiganja. "Hiyo si kura tena. Hiyo ni sinema."

"Kura wamepata, wakaikataa. Sasa wanataka sinema."

Wakakaa bega kwa bega kama wezi wa maembe. Wakanakili maelekezo ya asubuhi chini yake, na katika nakala hiyo, pale ambapo makro ilikuwa ikichagua jina kwa bahati, wakaiambia isome tu matokeo yaliyokwisha kuandikwa. Uchoraji wakaurudisha, hesabu na printa wakaziacha zilale. Halafu wakanogewa. Karani akaweka vituo vya kusubiri. Akafanya majina yazunguke mara tatu kabla ya kutua. Fundi akaongeza rangi nyekundu. Jina la shemeji karani akaliagiza likasimame kwanza mbele ya Marehemu, litulie hapo kidogo, kisha ndipo liinuke.

"Utamuua kijana wa watu kwa presha," fundi akasema.

"Anastahili kidogo."

Chai ya pili ikaja, na madereva nao. Nyuso zimefungwa. Karani akabonyeza.

Majina yakaanza kukimbia. Mwanzoni hakuna aliyejitikisa. Kisha jina la Spika likapita mbele ya Bibi Harusi, likasita, na Spika mwenyewe akajikuta ameshika bega la jirani yake. Likapita. "Aaah," wakasema wote. Likatua la kwanza kwenye gari la kawaida, la pili likafuata, vikombe vikaanza kumwagika. Jina la shemeji lilipokwenda kusimama mbele ya Marehemu, chumba kililipuka kwa vicheko. Shemeji alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Baba mkwe wangu mimi." Spika akaanza hata kumwimbia wimbo wa mazishi. Ndipo jina likainuka. Likapanda, likapanda, likafika juu kabisa na kutua kwa Bibi Harusi. Likabaki moja, na gari lilikuwa limebaki moja. Spika akajiona mwenyewe akishuka mpaka kwa Marehemu kama ndoo kisimani.

Walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Spika aliitazama skrini kwa muda, kisha akafuta macho.

"Sasa hii ndiyo kura," akasema. "Nimeiona mimi mwenyewe, siwezi kukataa. Na huyu mtoto mara mbili imemwangukia. Riziki ya mtu ikishaandikwa, utafanyaje? Ile ya asubuhi haraka haraka, wala haikuwa na baraka." Akampa shemeji mkono. Wengine nao wakampa.

Meneja alisimama mlangoni na tabasamu lake halina pa kwenda. "Mbona ni polepole tena?" akauliza. "Si ilirekebishwa?"

"Imerekebishwa, bosi," karani akasema. "Hivi ndivyo inavyokwenda ikiwa nzima."

Kikombe kimoja cha chai, wala hakikuzidi. Mzunguko wa pili haukuchelewa, kwa hiyo meneja alikosa hata pa kushikia neno. Fundi akafunga mkoba, akaondoka akicheka peke yake. Karani akaegemea kiti. Amani aliyoisikia haikuwa ndogo. Kura yake ilikuwa imesimama, na hakumdhulumu mtu.

Mlango ukafunguka taratibu. Shemeji. Akachungulia kulia na kushoto, akaingia, akaufunga nyuma yake.

"Shemeji," akanong'ona, macho yamemlengalenga. "Sijui nikushukuru vipi."

"Kwa lipi?"

"Eti kwa lipi." Akakonyeza. "Mara mbili, shemeji? Mimi si mtoto. Na ile ya kunipeleka kwanza kwa Marehemu ili wasishtuke, ile ilikuwa ya kiutu uzima. Wote wamelala."

"Sikiliza. Sikufanya lolote. Ilikuangukia."

"Hivyo hivyo. Useme hivyo hivyo."

"Naapa, ilikuangukia mwenyewe. Asubuhi ile, kwa bahati tupu. Kaa hapa nikuonyeshe." Akashika kipanya ili amfungulie maelekezo, aione ile kura ya asubuhi ilivyochagua bila kumjua mtu. Mkono ukamfia njiani. Ukifungua ya asubuhi, ya chai ya pili iko chini yake, mstari kwa mstari: soma jina hili, lisimamishe hapa, lipake rangi nyekundu. Na huyu ndiye anayeonyeshwa, huyu ambaye siri kwake hailali. Kabla ya jua kuzama Spika angekuwa anaitangaza.

Huko nje madereva walikuwa wanapakia mikate, wanasifu. Mmoja alikuwa anasema kwa sauti kwamba karani huyu hana mfano.

Karani akakiachia kipanya. Alitafuta neno la kumtoa shemeji yake pale, na alilolipata likawa baya kuliko yote.

"Usimwambie mtu," akasema.

Shemeji akaweka kidole mdomoni, akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, akatoka kwa madaha. Kama alikuwa na chembe ya shaka alipoingia, sasa hakuwa nayo.