Sikio la Ami Idarous

Uongo wangu haujawahi kushikwa. Naanza na hilo ili tuelewane mapema. Walimu wangu wa sekondari walijaribu wakachoka. Afisa wa uhamiaji uwanja wa ndege alinikazia macho mpaka yakamtoka machozi yeye. Balsall Heath nzima, mtaa wetu hapa Birmingham, kuanzia wauza mboga mpaka wapishi wa mchuzi wa balti, uliza nani anaweza kukutazama usoni akakwambia mvua hainyeshi na wewe umelowa chapachapa. Utaoneshwa mlango wetu.

Kwa hiyo mwaka wa 2007, ami yangu Idarous aliponiambia, "Amour, Alhamisi anakuja afisa wa ustawi wa jamii. Atataka kuzungumza na wewe bila sisi kuwepo. Mwambie tu unavyonijua," masikio yangu yalisikia hivyo hivyo, lakini kichwa changu kilisikia jingine. Kilisikia: Amour, kazi yako imefika.

Ami Idarous ni mdogo wake baba. Anaendesha basi, ana ndevu ambazo mimi naziomba kila siku kwa Mungu bila majibu, na mkewe Zainab, mtu wa Tanga, ni muuguzi kule Edgbaston. Mimi na Bibi tunaishi kwao. Wawili hawa walikuwa wanataka kuasili mtoto. Mara ya kwanza waliomba kwenye shirika moja, nalo likawazungusha weee: leo mwenye faili lao yuko likizo, kesho kahama, mwisho wakaulizwa kama wamewahi kufikiria kufuga mbwa. Siku hiyo Zainab alitoa kabatini vishati vidogo alivyokuwa amenunua, akavikunja kimoja kimoja, akampelekea jirani.

"Nitajaribu mara moja tu nyingine," alisema. "Wakikataa, msinitajie tena habari ya mtoto."

Na sababu ya kuzungushwa tuliijua sote. Zamani, kule Unguja, Ami Idarous alikuwa shangazi yangu.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Alizaliwa akaitwa mtoto wa kike, akapewa jina la kike ambalo sitalitaja, kwa sababu lilinitoka mara moja nikapigwa mwiko, tena si na yeye, na Bibi. Alipofika Uingereza ndipo alipoanza kuishi kama mwanamume, na mwenyewe anasema ndivyo alivyokuwa siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Bibi Kijakazi, mama yake mzazi, alinuna mwaka mzima. Simu ikilia, anaiangalia kama mende. Kisha mimi na yeye tukaja huku. Pale uwanja wa ndege mimi nahangaika kutafuta sura ninayoijua, Bibi akanyoosha kidole kwa mtu mwenye ndevu. "Huyo. Mwendo ule ule wa kuburuta ndara." Akamfuata, akamshika kidevu, akakigeuza huku na huku. "Ndevu zimekukaa kuliko marehemu baba yako," akasema, na kesi ikafungwa.

Lakini Bibi ni Bibi, na serikali ni serikali. Nikaamua afisa asijue kitu.

Alhamisi asubuhi, wenyewe wako kazini, nikaanza na ukuta wa sebuleni. Kulikuwa na picha tatu za zamani, na aliyezitundika ni Ami mwenyewe, maana ujanja hana. Katika moja yuko na wasichana wenzake wa shule, wote kwa sketi. Katika nyingine amekaa upande wa wanawake kwenye harusi, hina mpaka viwikoni. Ya tatu, kubwa, yenye kioo, amevaa gauni la maua na amembeba kiunoni mtoto mmoja mnene mwenye kamasi. Mtoto huyo tumwache kwa sasa.

Nikazishusha. Kumbe nyuma yake karatasi ya ukutani ilikuwa imebaki na rangi yake mpya, madirisha matatu yanakuangalia. Nikayaziba: moja kwa kalenda ya bucha ya halali, moja kwa saa isiyotembea, na la tatu kwa ramani ya njia za mabasi. Picha mbili ndogo zikaingia droo ya meza. Ile kubwa ikagoma. Kengele ya mlango ikalia. Nikaisukumia chini ya mto wa sofa, nikaenda kufungua.

Nilikuwa nimeambiwa afisa anaitwa Harbhajan, jina la Kisingasinga. Nikajiandalia mzee wa kilemba na ndevu, tena nikasoma magazeti ya michezo wiki nzima ili tuzungumze kriketi. Mlangoni kasimama mama wa makamo, mwavuli mkononi, viatu vina tope. Nikachungulia nyuma yake.

"Hakuna mwingine," akasema. "Harbhajan ni mimi. Ulitegemea mwanamume?"

"Hapana kabisa!"

"Usijali. Kwetu jina hili hupewa yeyote, mume kwa mke. Nimeshazoea watu kunitafuta nyuma ya mgongo wangu."

Tulizungumza Kiingereza, mimi nakuwekea kwa Kiswahili. Alivua viatu, akaingia, akamwinamia Bibi aliyekuwa kwenye kiti chake na tasbihi yake, akafungua mdomo kumwamkia. Nikamuwahi: "Bibi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Ukitaka kumuuliza kitu, nitatafsiri mimi."

Akanitazama kidogo. "Sawa," akasema. Halafu, katika sebule yenye viti vitano, akaenda kukaa juu ya ule mto.

Kra.

Nikakohoa. Akajisogeza. Kra. Nikakohoa tena.

"Una kifua?" akauliza.

"Ni hali ya hewa ya Birmingham."

Akatoa kalamu. "Haya, nieleze. Idarous ni mtu wa namna gani?"

Ndugu yangu, nilifunguka kama bomba. Nilimweleza utoto wa Ami: mvulana mtundu, kipa wa mtaa, aliwahi kuvunjika mguu akizuia penalti. "Mguu gani?" akauliza. "Yote miwili," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata kasi. Nikamweleza alivyosoma bweni la wavulana tupu. Na bila mtu kuniuliza, nikamsimulia siku ya kutahiriwa kwake, jinsi yeye na baba yangu walivyokaa mkeka mmoja, na Ami hakulia, baba ndiye aliyelia.

Afisa aliacha kuandika. "Habari hiyo sikuihitaji," alisema.

"Ya bure. Nakuongezea."

"Nieleze kuhusu wewe. Ulipokuwa mdogo, nani alikulea?"

Hapo nikaona mtego, nikauruka. Maana ukweli ni kwamba mama alipojifungua pacha, mimi nikiwa na miaka mitatu, walifanya kama wanavyofanya watu wa kwetu: mtoto mkubwa anapewa shangazi amlee. Nikakaa kwa shangazi mpaka aliposafiri, nimeshaanza shule. Sasa nikitaja shangazi, si ataniuliza yuko wapi shangazi huyo?

"Mama," nikasema. "Mama peke yake."

"Na Idarous?"

"Utotoni mwangu simjui. Yuko bweni."

"Hujawahi kumwona akiwa na mtoto mdogo?"

"Hata mmoja!" nikajibu kwa fahari, nikijiona nimefunga milango yote.

Afisa aliweka kalamu chini. "Hilo ni tatizo, Amour," alisema taratibu. "Hawa wawili hawajapata mtoto wao. Wakuu wangu wataniuliza swali moja: nani amewahi kumwona huyu mtu akiamka kwa ajili ya mtoto anayelia? Nilitegemea wewe unijibu. Bila jibu hilo, sijui nitawatetea kwa lipi."

Niliviona vile vishati vikikunjwa tena. Lakini ukishavunja mtu miguu miwili kwa penalti, utarudi vipi?

"Muulize bibi yako," akasema. "Idarous na watoto, alikuwaje?"

Nikamgeukia Bibi. "Bibi, anauliza Ami alikuwaje na watoto. Jibu kidogo tu, uniachie mimi. Na shangazi usimtaje, nakuomba, tutaharibikiwa."

"Tuharibikiwe na nini?" Bibi akaweka tasbihi pajani. "Mwambie huyo mama, huyu mjukuu wangu alikuwa mtoto wa kulia, Mungu atunusuru. Analia mpaka majirani wanahama. Mama yake kazidiwa na pacha, tukampa Idarous, enzi hizo ni shangazi yake. Na Idarous ndiye aliyemuweza. Halali, halali, mpaka ashike sikio la shangazi yake. Mwenzake anapika, huyu yuko mgongoni kashika sikio. Anaswali, huyu kashika sikio. Sikio lile lilikuwa jekundu miaka mitano. Na hakuchoka, mwambie hivyo. Mie nilichoka kwa kutazama tu."

Nikamgeukia afisa. "Bibi anasema Ami alikuwa mvulana mwenye nguvu sana."

Afisa akamtazama Bibi, kisha akanitazama mimi.

"Maneno yote yale?"

"Kiswahili kina maneno marefu."

"We Amour!" Bibi akadakia. "Mie kila mwezi napelekwa kliniki ya masikio, sikio kwa Kizungu nalijua. Mbona sijalisikia?"

"Bibi anasema pia alikuwa hodari wa kupanda minazi."

Afisa alinyanyuka polepole. Akainua mto wa sofa, akaitoa ile picha, kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Gauni la maua. Mtoto mnene mwenye kamasi. Na mkono wa mtoto, sasa siwezi kuuficha tena, umeng'ang'ania sikio la aliyembeba.

"Kumbe sikio lenyewe ndilo hili," akasema.

Kwa Kiswahili.

Bibi alipiga makofi. "Alhamdulillahi! Mgeni anasema kama watu!"

"Mimi nimezaliwa Kisumu, mama," Harbhajan akamjibu. "Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Nilitaka kukuamkia pale mlangoni, shikamoo, lakini huyu kijana alinikata maneno. Halafu akaanza kutiririka, nikaona wacha niskie mwisho wake."

"Marahaba, mwanangu. Mwisho hana, huyo."

Mimi natafuta shimo la kuingia, naona zulia tu.

"Keti, Amour," Harbhajan akasema, na mzaha ulikuwa umemtoka. "Idarous aliniambia habari zake siku ya kwanza nilipokuja hapa, wewe na bibi yako mkiwa kliniki, hata chai sijaonja. Akanionyesha picha hizi zote ukutani. Alichokuwa zamani na alichonacho leo si kazi yangu kukipima. Kazi yangu ni kujua kama mtoto atakuwa salama naye. Akaniambia, 'Nimewahi kulea mtoto, muulize Amour.' Nimekuja, nakuta Amour anasema hakulelewa naye."

"Niliogopa mtawanyima."

"Na mtoto atakayekuja hapa? Yeye pia atakuja na zamani yake. Jina lake, mama aliyemzaa, picha zake. Hizo nazo utazisukuma chini ya mto?"

Nikamtazama yule mtoto wa kwenye picha. Ghafla nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: siku shangazi aliposafiri, nililala nimeshika sikio langu mwenyewe, na halikusaidia.

Nikamwambia hilo. Ndilo lililotoka kwanza, na mengine yakafuata: homa zangu, uji wake, usiku alionibeba akizunguka ua mpaka kukacha. Niliyasema kwa Kiswahili, na Harbhajan akaandika, na Bibi akawa anasahihisha.

Jioni Ami Idarous alirudi akakuta kalenda ya bucha ukutani. Bibi alimsimulia kila kitu, hakuacha hata minazi. Ami hakunigombeza. Alizitundika picha zake mahali pake, ile ya kioo kilichopasuka katikati. "Aliyekubeba hapa ni mimi," akaniambia. "Ulikuwa unamficha nani?" Kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Miguu yote miwili, Amour?"

Wakakubaliwa. Zainab alirudi kwa jirani kwa aibu kuulizia vile vishati, akakuta vimeshachakaa kwa watoto wengine, akanunua vingine kwa furaha. Mtoto wetu, Korane, aliletwa majira ya kuchipua, ana miaka minne, na zile picha zake zikatundikwa karibu na zetu. Sikio halitaki. Yeye halali mpaka ashike ndevu, na Ami siku hizi kidevu kimemvimba upande mmoja.

Juzi Harbhajan alikuja kuwatazama. Yuko jikoni anakunywa chai na Bibi, mimi niko sebuleni na Korane. Mtoto akasimama mbele ya picha kubwa, akagusa ule ufa.

"Nani kavunja?"

"Paka," nikamwambia. Jibu safi, la haraka, uso haujatikisika. Kipaji hakipotei.

"Paka gani?"

"Paka mmoja mkubwa. Aliruka kutoka kule, akapiga hapa, akakimbia. Nilimfukuza mimi mwenyewe."

Korane akanitazama kwa heshima kubwa. Nikanyoosha mabega. Nilipogeuka, Harbhajan amesimama mlangoni na kikombe chake. Akaliendea lile sofa, akainua mto, akachungulia chini yake, akaurudisha, ndipo akakaa.

"Paka huyo namjua, Korane," akasema. "Ndiye aliyekuwa mkalimani wangu."