Radhi ya Fundi Yeremia

Yeremia alikalishwa mbele ya kompyuta na viatu vyake vyenye saruji, akaogopa kugusa hata meza. Na alikuwa fundi aliyejenga nyumba kibao za Nyegezi. Mwaka ule wa tisini na tisa kila kitu kilitakiwa kiwe cha kisasa, hata ugomvi. Mkataba wake na mkandarasi ulisema wakikosana wataamuliwa na msuluhishi wa Dar es Salaam, kwa barua za kompyuta zinazopita kwenye waya wa simu. Dhamana ya kazi ilikuwa nyumba yake ya Buhongwa. Kompyuta ilikuwa ya mkandarasi. Hata Winnie, aliyekuwa anachapa, alikuwa karani wa mkandarasi.

"Haya, fundi, sema," alisema Rutashobya, mkandarasi mwenyewe, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Yeremia.

Mwenye nguvu mpishe, lakini Yeremia angempishia wapi? Akasema. "Zege lilikuwa bado bichi. Nilikataza mbao za kulishikilia zisitolewe. Bosi ukawaamuru vibarua mwenyewe, boriti ikamwangukia mmoja wao, Kashindye. Mpaka leo hatembei."

"Mwandikie yote," Rutashobya alimwambia Winnie kwa upole. "Na langu moja tu. Kesho yake fundi alipeleka mbuzi kwa akina Kashindye, akapiga magoti, akaomba radhi."

Kweli Yeremia alikwenda. Angeachaje? Kwao Usukumani mtu akiumia mikononi mwako huulizi kosa ni la nani. Unapeleka mbuzi, unaomba radhi, mnakula pamoja. Asiyetokea ndiye anayenyooshewa kidole.

Jibu la msuluhishi lilichelewa. Winnie akasoma: "Fundi, uliomba radhi? Jibu ndiyo au hapana."

"Mwandikie ile ni desturi yetu, si kwamba..."

"Umeulizwa ndiyo au hapana," Rutashobya alimkatiza.

Akane? Mama yake Kashindye alimwinua kwa mikono yake mwenyewe.

"Ndiyo," alisema.

Safari hii jibu halikukawia. Aliyeomba radhi amekiri kosa, dhamana ichukuliwe. Akilini Yeremia aliona magodoro ya watoto yametupwa nje, majirani wanatazama.

"Pole, fundi," Winnie alinong'ona.

"Pole ya nini?" Rutashobya alimgeukia. "Kwani wewe umemkosea?"

Winnie akarudisha macho kwenye vibonyezo.

"Sikusema kitu, bosi."